Kabla ya kuandikiwa dawa ya kupunguza uzito: tunachouliza na tunachopima

Wengi wanaofika kliniki ya uzito huwa wameshachagua dawa kabla hawajaketi. Jina wamelisikia kwa rafiki au wameliona kwenye simu, na wanachotaka ni kuandikiwa tu. Wakielezwa kwamba leo tutaanza na maswali na vipimo, baadhi huondoka na kinyongo. Nawaelewa, maana mtu aliyehangaika na mwili wake miaka mingi hana hamu ya kusubiri tena. Lakini historia ya dawa hizi inatulazimisha kuwa waangalifu. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni baada ya kugundulika kwamba inaharibu vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramini nayo ikaondolewa Ulaya na Marekani, kwa kuwa iliongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo kwa watu ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo na mishipa. Dawa inayomfaa mmoja inaweza kumwangamiza mwingine mwenye uzito uleule.

Tunaanza na hesabu. Mtu mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.64, uzito wake ukigawanywa kwa urefu mara urefu, anapata 34 na ushei. Kwa kawaida dawa hufikiriwa kuanzia 30, au kuanzia 27 kama tayari kuna ugonjwa unaoambatana na uzito, kama vile shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili au kukatika kwa pumzi usingizini. Kwa watu wenye asili ya Asia viwango hushushwa, kwa sababu kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi.

Hesabu hiyo haitofautishi mafuta na misuli, wala na maji yaliyojaa mwilini mwa mgonjwa wa moyo au figo, kwa hiyo kiuno nacho kinapimwa. Tepu hupitishwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi na bila kulivuta tumbo ndani. Kiuno kikifika nusu ya urefu au zaidi, ni dalili kwamba mafuta yanarundikana ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yenye madhara zaidi.

Presha ina mtego wake. Mkanda wa kawaida ukifungwa kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa ya presha asiyoihitaji au kunyimwa dawa ya uzito bila sababu. Ukiona mkanda haukutoshi na unafunguka wenyewe ukijazwa upepo, omba mpana zaidi. Usione haya, ni haki yako.

Sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote ni dawa unazotumia sasa. Njoo nazo zote, na maboksi yake: za hospitali, za mitishamba, za kulala, na hata zile ulizopewa na ndugu. Mara nyingine tunakuta kwamba uzito wenyewe umeletwa na dawa. Prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio) ya muda mrefu, olanzapini kwa wagonjwa wa akili, valproeti kwa wenye kifafa, pamoja na insulini, zote zinaweza kunenepesha. Hapo kazi ya kwanza ni kuzungumza na daktari aliyeandika dawa hiyo kuona kama ipo nyingine ya kubadilisha, kabla ya kuongeza ya pili juu yake. Tafadhali usiiache mwenyewe. Mwili uliozoea prednisoloni ukikatishwa ghafla unaweza kuzidiwa, na kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.

Dawa pia hugongana. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi ya kisukari akianza semaglutidi, sindano ya kupunguza uzito, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie, hivyo dozi za kisukari huenda zikahitaji kupunguzwa mapema. Orlistati, dawa nyingine ya uzito, huzuia mafuta ya chakula kufyonzwa, na pamoja nayo hupotea vitamini A, D, E na K, jambo linalomgusa moja kwa moja anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo nguvu yake hutegemea vitamini K. Tirzepatidi, nayo sindano ya uzito, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na mwanamke anayevitumia anahitaji kinga ya ziada kwa wiki nne anapoanza na kila dozi inapopandishwa.

Suala la mimba tunaliuliza waziwazi, hata kwa anayesema hana mpango. Dawa za kupunguza uzito hazitumiwi wakati wa ujauzito. Topirameti, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, inaweza kumfanya mtoto azaliwe na mdomo uliopasuka, na semaglutidi inatakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto.

Yapo maswali yanayowashangaza watu. Je, katika ukoo wenu kuna aliyeugua saratani ya tezi ya shingo? Tunachotafuta ni aina inayoitwa medulari, ambayo hurithiwa katika baadhi ya familia. Ikiwepo, hatuandiki sindano za kundi la semaglutidi. Umewahi kulazwa kwa kuvimba kongosho? Una mawe kwenye nyongo? Na hili ambalo wengi huona aibu kulijibu: unakula kwa siri mpaka unaumwa, au unajitapisha baada ya kula? Anayejitapisha hapewi dawa ya uzito yenye bupropioni, kwa sababu inaweza kumletea degedege. Anachohitaji kwanza ni tiba ya tatizo hilo la kula. Hatuulizi ili kumhukumu mtu. Watu wanene wamekaripiwa vya kutosha, mara nyingi na sisi wahudumu wa afya.

Damu hupimwa sukari, mafuta, figo na ini. Tezi ya shingo hupimwa palipo na dalili zake.

Kabla ya kuandika chochote tunaongea kuhusu matarajio. Semaglutidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa taratibu hadi 2.4, kwa sababu kuharakisha huleta kichefuchefu na kutapika. Katika utafiti mkubwa wa dawa hiyo, washiriki walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Walipoiacha, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya uzito uliopotea ilikuwa imerudi. Anayetaka kuitumia miezi mitatu tu kwa ajili ya sherehe anapaswa kulijua hilo kabla ya sindano ya kwanza.

Njia ya mkato ya kuagiza mtandaoni inaruka yote haya. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Ukishaanza, tutapanga siku ya kurudi. Mjulishe pia daktari wa nusukaputi kama una upasuaji mbele yako, kwa sababu sindano hizi huchelewesha chakula tumboni. Na maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, yanayopenya hadi mgongoni, yasisubiri siku ya kurudi kliniki: acha dawa na uende hospitali mara moja.