Kilichoganda ni nini?

Juzi barazani Langoni, mjini Lamu, nimelisikia tena: "Haidrojeli si ni mafuta ya mgando tu, yamepewa jina la kizungu?" Aliyesema ni baba wa mtoto aliyemwagikiwa mafuta ya mahamri, mkono bado umefungwa kitambaa. Neno hili limeharibiwa mara nyingi mno, na mara hii sikuweza kunyamaza.

Haidrojeli, hii ipakwayo kidondani, ni nyuzi ndefu za molekuli zilizofungamana mithili ya jarife, zikanasa maji na kuyashika. Maji hayo huweza kupita asilimia 90 ya uzito wake.

Kosa lenyewe lina mzizi. "Jeli" asili yake ni Kilatini, gelare, kuganda kwa baridi. Nasi tuna "mgando". Maneno mawili yamekutana kwenye kuganda, basi watu wakadhani kilichoganda ni kimoja. Sicho! "Haidro" ni Kigiriki cha maji, mai kama tusemavyo Amu. Mafuta ya mgando yametokana na mafuta ghafi yachimbwayo ardhini, wala hayana tone la maji ndani yake.

Chukua halua iliyopoa, ibonyeze. Kidole kitang'aa samli, lakini maji hayatiririki, maana wanga umeyanasa. Samli ungeitoa, ungebakiwa na kitu kilicho jirani kabisa na haidrojeli.

Na kwenye kidonda maji hayo yana kazi. Seli za epithelia, yaani tabaka la juu la ngozi, huziba kidonda kwa kutambaa kutoka ukingoni. Penye unyevu hupita; penye kigaga kikavu hulazimika kupenya chini yake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kisichoachwa kikauke huota ngozi mpya karibu mara mbili upesi. Siku hizi watafiti hutengeneza haidrojeli ziwe kama jukwaa la seli kukwea, kwenye ngozi na hata kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Kwa kidonda kinachochuruzika sana haidrojeli haifai, kwani unyevu tayari umezidi.

Nilimwambia yule baba taratibu: kaka, mtoto akiungua, tangulia na maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha mpeleke hospitali, usimpake kitu. Wakikwandikia haidrojeli, dukani usiombe "ile ya mgando". Utapewa mafuta.