Azimio la Arusha halikuchukua nyumba za watu

Mabishano ya kodi na mali binafsi yakipamba moto Tanzania, hakosi mtu wa kusema kwamba Azimio la Arusha la 1967, lile tamko la siasa ya ujamaa, liliwanyang'anya watu nyumba zao. Si kweli.

Kilichotaifishwa Februari 1967 ni njia kuu za uchumi: mabenki, bima, viwanda vya kusaga nafaka, makampuni makubwa ya biashara ya nje, pamoja na hisa katika mashamba ya mkonge. Kwa upande wa nyumba, Azimio liliwabana viongozi tu, wasiwe na nyumba za kupangisha.

Nyumba zilifuata 1971, kwa sheria yake. Hata hiyo haikugusa kila paa. Ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ambayo mwenyewe alikuwa anaikalia yote, bila kupangisha, ilisalimika. Yaliyochukuliwa yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali cha kuyasimamia, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana mpangaji wa ghorofa la zamani pale Upanga, Dar es Salaam, huenda kodi ya pango anailipa huko.

Uchungu ulikuwepo, na sioni haki kuupuuza. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozeeka. Likizidi miaka 10, mwenyewe hakupata hata senti. Familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi zilihama nchi baada ya hapo. Anayetaka kuilaumu serikali ya Nyerere kwa hilo ana hoja, ila aishike sheria ya 1971, si Azimio.