Uvumilivu wa kidini sio uhuru wa kuabudu

Kila ukianza mjadala wa dini na serikali lazima atokee mtu aseme Waingereza walileta uhuru wa kuabudu mwaka 1689, wenzake wanapokea, na mpaka jioni imeshakuwa ukweli. Jamani, hapana. Kilicholetwa mwaka ule ni uvumilivu wa kidini. Maana yake serikali ina kanisa lake, inaendelea kuamini nyie wengine mmekosea, ila imeamua haitawaadhibu. Basi. Uhuru ni haki yako, huombi kibali kwa mtu.

Sibezi ile Sheria ya Uvumilivu ya 1689, ya enzi za mfalme William na malkia Mary, maana kabla yake watu waliteseka kweli. Kati ya 1660 na 1662 mapasta karibu 2,000 walipoteza makanisa yao, wengi kwa kugoma kufuata kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, yaani Anglikana, kanisa la serikali, halafu 1664 ikawa kosa kuabudu nje ya utaratibu wa kanisa hilo mkiwa watu watano au zaidi mbali na wenye nyumba. John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria, alikaa jela Bedford karibu miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri tu. Kwa watu wa namna hiyo 1689 ilikuwa nafuu kubwa sana.

Ila someni masharti yake! Zile sheria za adhabu hazikufutwa, Waprotestanti waliojitenga na kanisa hilo, yaani Wabaptisti, Wapresibiteri, Wakweka (hawa Marafiki ambao imani yao leo imejaa Kaimosi kule Kenya) na wengineo, walisamehewa tu zisiwaguse, tena mpaka waape utii kwa mfalme na malkia na wakane kwamba mkate na divai vinageuka mwili na damu, Wakweka wao wakaruhusiwa kutamka ahadi kwa sababu hawaapi. Mhubiri anasaini sehemu kubwa ya zile ibara 39 za imani za Kanisa la Uingereza, Mbaptisti akaachiwa ile ya kubatiza watoto. Nyumba ya ibada inaandikishwa kwa askofu au kwa mahakimu, na mkiwa ndani mnaabudu mlango usifungwe kwa kufuli wala komeo. Fungu la kumi la parokia ya Anglikana unalipa vilevile, hata kama hujawahi kukanyaga humo.

Na Wakatoliki hawakuguswa na nafuu hiyo hata kidogo, wala wanaokana Utatu.

Hata hao waliovumiliwa, ukitaka cheo serikalini unatakiwa kula Meza ya Bwana kanisani kwa Waanglikana, sharti hilo lilifutwa 1828. Chuo cha Oxford hawakukupokea bila kusaini zile ibara mpaka 1854. Na kwa sheria ya 1753 Mbaptisti ilibidi akafunge ndoa mbele ya kasisi wa Anglikana, ni Wakweka na Wayahudi tu walioachwa, mpaka ilipokuja sheria nyingine 1836. Sasa hapo uhuru uko wapi?

Kwa hiyo ndugu yangu ukiandika tena habari za 1689, andika kwamba Waprotestanti waliojitenga waliondolewa adhabu kwa masharti. Ukitaka kuongelea haki zenyewe nenda mbele kidogo, 1813 kwa wanaokana Utatu, 1828 kwa hao waliojitenga, 1829 Wakatoliki wakaruhusiwa kuingia bungeni, na hata hapo bado kulikuwa na viporo vingi.