Kabla hujasaini mradi wa kumwaga madini baharini

Tangu soko la kaboni (biashara ya kuuza hati za hewa ukaa iliyozuiwa au kunaswa) lichangamke hapa Kenya, BMU za Pwani, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zinatuuliza sana: eti bahari ikiwekwa madini itanasa hewa ukaa na kijiji kipate hela, ni kweli? Wazo lenyewe si utapeli, niseme mapema. Bahari tayari inameza karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, na wanasayansi wanajaribu kuiongezea uwezo, wengine kwa chuma ili planktoni, vijimea vidogo vinavyoelea majini, zimee kwa wingi zivute kaboni, wengine kwa madini ya alkali ambayo pia yanapunguza ile asidi inayodhuru matumbawe na chaza.

Shida ni uhakika. Mwaka 2004 watafiti wa meli ya Polarstern waliweka chuma Bahari ya Kusini, planktoni zikasitawi na angalau nusu yake ikazama chini ya mita 1,000. Mwaka 2009 meli ileile ikarudi bahari ileile, ikarutubisha kama kilomita 300 za mraba, ila mara hii maji hayakuwa na silika ya kutosha, madini ambayo baadhi ya planktoni hujengea ganda, zilizoota zikaliwa na vijidudu jamii ya kamba, kaboni iliyozama ikawa kidogo tu. Na hao ni wataalamu wenye vipimo! Tena planktoni zikizidi zikaoza zinamaliza oksijeni huko chini, aina nyingine zinatoa sumu inayoingia kwenye kome na samaki, na virutubisho vilivyotumika hapa havifiki kwa samaki wa maeneo ya mbele ambako mkondo wa maji unaelekea.

Kanada mwaka 2012 wanakijiji wa Old Massett, visiwa vya Haida Gwaii, walipiga kura wakatoa dola milioni 2.5, zikamwagwa kama tani 100 za chuma, wakiahidiwa samoni na pesa za kaboni. Pesa za kaboni hazikuja, waliokuja mwaka uliofuata ni wapelelezi wa serikali kupekua ofisi.

Na jamani, mikoko msiichanganye na haya. Mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, unauza kaboni kwa kutunza msitu, mti unauona, shina unalipima. Nimelieleza hili mara nyingi na bado naambiwa "si yote ni bahari?" Hapana, si yote.

Sasa utaratibu. Kenya imo kwenye Itifaki ya London ya kuzuia utupaji taka baharini, na nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2008 kwamba kurutubisha bahari kusiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti halali, yaani biashara haimo. Mradi wowote wa kaboni nchini unaanza na andiko la awali kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mkikubaliwa mnapata barua ya kutokuwa na pingamizi, halafu andiko kamili, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ndipo barua ya idhini, kisha usajili. Barua ya kwanza si idhini, narudia, si idhini. Kuuza kaboni bila kibali au kudanganya kuhusu faida zake, marekebisho ya 2023 ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi yanasema faini hadi shilingi milioni 500, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili.

Akija mtu na fomu, mwombeni barua ya idhini na ripoti ya tathmini, mtuletee nakala kabla ya kusaini. Kikao cha BMU hakiwezi kutoa idhini hiyo, hata wanachama wote wakinyoosha mkono.