Meza ya kadi za michezo gulioni: boksi la bei chee ndo linalolipa

Watu wanaotaka kuanza kuuza kadi za michezo gulioni, zile za kukusanya zenye picha za wachezaji, karibu wote wananiuliza kitu kimoja, nibebe kadi gani kali ili watu wajae mezani? Na mi najibu vile vile kila siku, beba boksi kubwa la kadi za bei chee, lijaze mpaka juu, lipange vizuri, hizo kali ziweke pembeni. Najua wengi hawapendi kusikia hivo, maana kila mtu ana ile kadi yake moja anayoitunza kama yai na anataka aione ikishangaliwa, lakini gulio sio maonyesho ya wakusanyaji. Kwenye maonyesho mtu anakuja na orodha, anajua namba ya kadi na mwaka na toleo. Gulioni mtu kaja kutafuta viti au sufuria, kapita, kaona uso wa mchezaji aliyempenda akiwa mdogo, kasimama. Huyo ndo mteja wako, na huyo hanunui kadi ya mshahara wa mwezi. Ananunua tano za bei ya chai, alafu anarudi wiki inayofuata na mdogo wake.

Kwa hiyo nianze na boksi. Bei iwe moja kwa boksi zima, iandikwe kubwa mbele, na ukizidisha idadi unapunguziwa. Ukiweka bei tofauti tofauti ndani ya boksi moja umeua biashara, mtu atakuwa anakuuliza kila kadi, we unajibu, yeye anasita, nyuma yake kuna watu wawili wameshaondoka. Alafu panga kwa timu, sio kwa mwaka wala kwa kampuni. Hili nalisisitiza sana kwa sababu sisi tuliozama kwenye kadi tunafikiria kwa matoleo ya makampuni ya kadi, Topps ya mwaka fulani, Fleer ya mwaka fulani, Panini gani, wakati mpita njia anajua kitu kimoja tu, timu yake. Ukimwekea kigawanyo kilichoandikwa jina la timu yake mkono unaenda wenyewe. Na kila gulio, ongeza kadi mpya mbele, na tia makusudi vitu vichache vizuri kuliko bei ya boksi, yani mtu akichimba apate kitu cha kumfurahisha kweli. Wengine wananiambia hiyo ni hasara. Mi naona ndo sababu watu wanachimba boksi langu saa nzima.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza watu, zile kadi za kuanzia kama 1987 hadi 1993 hivi. Kila gulio kuna mtu anakuja na maboksi ya kadi za besiboli za miaka hiyo, zimetunzwa vizuri kabisa, na ameshaambiwa na mtu kwamba ni utajiri. Kilichotokea ni kwamba miaka hiyo watu wote waligundua kadi za zamani zina hela, makampuni yakachapisha kadi kwa wingi wa kutisha, na wanunuzi nao wakazihifadhi zote. Hakuna aliyetupa. Kitu ambacho kila mtu anacho na kila mtu amekitunza kitapanda bei kwa njia gani? Hata ile maarufu ya Ken Griffey Jr., namba 1 ya Upper Deck ya 1989, ambayo watu wanaipenda mpaka leo, zipo nyingi mno na ya kawaida haifiki mbali, inayolipa vizuri ni ile isiyo na doa hata moja.

Linganisha na kadi ya mchezaji besiboli Mickey Mantle, ya Topps ya 1952. Ile ilikuwa kwenye kundi la mwisho la toleo, ikatoka wakati msimu wa besiboli unaisha na watoto wameshahamia kitu kingine, maboksi yakakaa stoo miaka, mpaka 1960 Sy Berger, huyo huyo aliyeshiriki kuzibuni, akazipakia kwenye tishari wakaenda kuzimwaga baharini Atlantiki kwa sababu hakuna aliyezitaka. Agosti 2022 moja iliyohifadhika vizuri iliuzwa mnadani dola milioni 12.6. Zote ni karatasi na wino, tofauti ni ngapi zimebaki. Mtu akikuletea maboksi ya 1990 mwambie hivyo taratibu, usimcheke, nyingi ya kadi hizo zilinunuliwa na mzazi aliyekuwa anamwekea mtoto akiba. Na zenyewe zina kazi gulioni: pakiti ambazo hazijafunguliwa zinauzika kwa watu wanaotaka tu ile raha ya kuchana pakiti kama zamani, na kadi zilizofunguliwa ukizifunga furushi la timu moja zinatoka.

Bei. Andika bei kwenye kila kitu kilicho nje ya boksi, kila kitu, bila kuacha hata kimoja. Mteja asiyeona bei anafikiri mambo mawili, kwamba hawezi kuimudu au kwamba utamwangalia viatu ndo umtajie, na yote mawili yanamfanya aondoke kimya kimya. Na bei uitoe kwenye mauzo yaliyofanyika kweli, sio kwenye matangazo. Mtu yeyote anaweza kutangaza kadi kwa bei ya nyumba. eBay kuna sehemu ya kuchuja uone vilivyouzwa tu, angalia hapo, angalia kadi ile ile, namba ile ile, hali ile ile, mauzo ya karibuni, alafu kwa gulio shuka kidogo chini ya hapo. We hulipi kamisheni wala posta, na mnunuzi wako kalipa taslimu hapo hapo, ni haki agawane nawe hiyo nafuu. Acha pia nafasi ya kupatana. Mtu akiuliza "bei ya mwisho ngapi?" kwa kadi moja mi nashusha kidogo sana, lakini akiongeza ya pili na ya tatu nashusha vizuri, na namwambia wazi kabisa kwamba ndivo ninavofanya, basi anarudi mwenyewe kwenye boksi kutafuta ya kuongezea.

Kuna wanunuzi wa alfajiri, hawa uwajue. Wanakuja na tochi kabla hujafungua hata boksi la kwanza, wanataka kuangalia ndani ya gari, wanakutajia bei ya jumla haraka haraka. Sio watu wabaya, ni wachuuzi wenzako na wanaijua kazi. Ila usiuze kitu ambacho hujakikagua kwa utulivu nyumbani. Kama ulishakagua na kuweka bei, karibu, uza, hela ya asubuhi ni hela safi.

Jua na upepo vinakula mtaji wako bila kelele. Saini ya peni kwenye jezi au mpira inafifia kwenye jua mpaka inabaki kivuli, rangi za kadi zinapauka, na zile kadi za kung'aa zinajikunja zikipata joto na unyevu. Kwa hiyo turubai juu, meza uigeuze kulingana na jua linavyotembea, na kila kadi yenye thamani iingie kwanza kwenye kifuko laini ndo iingie toploda, yani kile kifuko kigumu cha kadi moja, maana plastiki ngumu peke yake inakwaruza. Za bei kubwa zikae kwenye kabati la kioo lenye kufuli, na toa moja moja. Mtu akiomba kuona ya pili, kwanza ya kwanza irudi ndani. Sio kwamba namshuku kila mtu, ni kwamba ikitokea watu watatu wanakusemesha kwa pamoja ndo vitu vinapotea.

Feki sasa, na hapa ndo napenda watu watulie wasome. Kwenye mfuko wangu wa kazi kuna vitu vitatu, rula, lenzi ya kukuzia kama ya masonara, na tochi ile ya kukagulia noti. Rula kwanza. Kadi ya kawaida ya siku hizi ni sentimita 6.4 kwa 8.9, lakini Topps za 1952 zilikuwa kubwa zaidi, kama 6.7 kwa 9.5. Mwaka 1983 Topps wenyewe walitoa upya lile toleo la 1952 kwa saizi ya kawaida, kwa hiyo mtu akikuletea Mantle ya 1952 yenye ukubwa sawa na kadi zako za leo, biashara imeishia hapo, hata kama pembe zimesuguliwa zionekane kuukuu. Rula inakamata pia kadi iliyokatwa kingo ili ionekane mpya. Ile kadi ya mchezaji besiboli Honus Wagner maarufu kuliko zote, ya toleo la 1909 hadi 1911 linaloitwa T206 lililokuwa linawekwa kwenye pakiti za tumbaku, ndiyo ilikuwa kadi ya kwanza kabisa kupewa gredi na PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa alama mpaka 10 kulingana na hali yake, ilipoanza 1991, ikapewa 8, na 2013 Bill Mastro aliyewahi kuiuza akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Kama imetokea kwa hiyo, itakukuta na wewe mezani.

Lenzi inakuonyesha wino. Picha kwenye kadi iliyochapishwa kiwandani imetengenezwa kwa vidoti vidoti, lakini maandishi meusi na mistari ya fremu kwa kawaida ni wino mzima usio na vidoti. Anayetengeneza kopi anaipiga picha kadi halisi alafu anaichapisha, kwa hiyo kwake hata herufi zinakuwa vidoti na kingo zake zina ukungu. Michael Jordan ya Fleer ya 1986 imefekiwa kupita kiasi, ukiletewa usiinunue bila kuangalia herufi kwa lenzi ukiwa na halisi yoyote ya toleo hilo hilo pembeni ya kulinganishia, hata ya mchezaji asiye na jina. Tochi nayo ni ya kadi za kale: dawa za kung'arisha karatasi zilienea baada ya vita kuu ya pili, sasa kadi inayosemekana ni ya 1910 ikiwaka bluu nyeupe chini ya ile tochi, karatasi yake ni ya juzi.

Saini ndo balaa kubwa zaidi. Miaka ya 90 FBI walifanya upelelezi ulioitwa Operation Bullpen wakakuta genge linaloghushi saini za wanamichezo kwa wingi, walikuwa na hata mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa, na vyeti vya uhalisi vilikuwa vinachapishwa pamoja na mzigo. Kwa hiyo cheti peke yake hakinitoshi, nauliza kimetolewa na nani na kina namba ya kuhakiki au hakina. Ukiangalia saini kwa lenzi ukaona vidoti, ni ya kuchapwa, sio ya mkono. Ukikuta picha mbili zenye saini zinazolaliana kabisa, mstari juu ya mstari, hiyo ni mashine, mkono wa binadamu haurudii hivo. Mi saini isiyo na uthibitisho naiandika hivo hivo kwenye kibandiko, "haijathibitishwa", na bei yake ni ya mpira au jezi kana kwamba haina saini. Kuna wanaonishangaa. Ila mteja akienda kuipeleka kukaguliwa na ikarudi ni halisi, atanisifia kila mahali, na ikirudi feki hana la kunidai.

Upande wa kandanda, kumbuka stika. Panini walitoa albamu ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa Mexico 1970, na stika za zamani ambazo hazijabandikwa zina thamani tofauti kabisa na zilizobandikwa. Usibandue stika kwenye albamu ukidhani unaiongezea thamani, unaharibu vyote viwili.

Mzigo mzuri hautoki kwa wauza jumla, unakuja mezani wenyewe. Weka kibao, "nanunua pia". Kuna mama alikuja na kiboksi cha viatu, kadi za kikapu za marehemu mumewe zimefungwa na raba bendi, akasema, "Mwanangu, niangalizie kama kuna chochote humu." Nilivofungua, ile raba ilikuwa imeshakula kingo za kadi ya juu na ya chini, kijikato kila upande, lakini za katikati zilikuwa salama, na kati ya hizo mbili zilikuwa za maana. Nikamtolea zile mbili pembeni, nikamwonyesha kwenye simu zimeuzwa ngapi siku za karibuni, nikamwambia, "Mama, hizi mbili ni hela, hizi nyingine nazichukua za boksi, na mimi nalipa kiasi hiki kwa sababu nami lazima nile." Nalipa kama nusu kwa vitu vinavyokaa na hadi theluthi mbili kwa vinavyotoka haraka, na natamka hivyo mbele ya muuzaji. Akauza zote, alafu baadaye akamleta shemeji yake ambaye alikuwa na jezi na programu za mechi za zamani. Anayenunua kitu kikubwa kwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji hajui, anapata mara moja, na watu wanaongea.

Saa ya mwisho nashusha boksi tu. Natangaza jaza mfuko kwa bei moja, watu wanajaa, na mzigo wa kubeba unapungua. Kabati la kioo halishuki, vitu vya kule havina haraka, vinasubiri gulio lijalo au mnunuzi sahihi. Alafu naandika kwenye daftari timu zilizoulizwa nikawa sina, maana orodha hiyo ndo ninayokwenda nayo kununua katikati ya wiki.