Je, wajua kwa nini Tanganyika ilikataa mikataba ya Mwingereza lakini mipaka yake ikaikubali?

Hivi unajua kuna sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, na nyingine kule Kigoma, Wabelgiji walikodishiwa kwa faranga moja kwa mwaka, tena milele? Sio chai. Ni mkataba wa 1921. Mjerumani kashapigwa kwenye vita, Mwingereza kachukua Tanganyika, Mbelgiji kapata Ruanda-Urundi na Congo alikuwa nayo tangu zamani, sasa mizigo yake ya mashariki ya Congo ifikeje baharini? Ndo akapewa hayo maeneo, mzigo unashuka Dar, unapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, unavuka ziwa, na ushuru wa forodha hamna. Wenyewe wakayaita Belbase.

Miaka 40 baadaye uhuru unakaribia, na Mwingereza alikuwa na kawaida yake, kabla hajaondoka anakuwekea barua mezani usaini kwamba mikataba yote aliyoingia kwa niaba yako sasa ni ya kwako, faida na mzigo. Ghana walisaini, Nigeria wakasaini. Nyerere akagoma. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache tu kabla ya bendera kupanda, akasimama bungeni akasema Belbase haiifungi Tanganyika, na hoja yake ilikuwa ngumu kuijibu: Mwingereza mwenyewe alikuwa anaishika Tanganyika kwa udhamini wa muda, kwanza wa Shirikisho la Mataifa halafu Umoja wa Mataifa, sasa mpangaji anapata wapi ubavu wa kumpangisha mtu mwingine nyumba hiyo milele?

Ila watu wengi wakiisimulia hii wanaifanya kama vile Mwalimu alichana makaratasi yote siku ya kwanza. Hapana bana. Kwenye tamko alilopeleka Umoja wa Mataifa mwezi Desemba alisema mikataba ya nchi mbili mbili itaendelea kwa miaka 2, kama na upande wa pili nao unaiheshimu, na ndani ya muda huo tukae tuongee, tutakayokubaliana inabaki, isiyoongelewa ikifika Desemba 1963 inakufa yenyewe, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa inasema inaendelea tu. Ujanja uko hapo kwenye hiyo miaka 2, maana nchi changa ikifuta kila kitu usiku mmoja basi na makubaliano ya ndege, ya biashara, ya kurudishiana wahalifu, yote yanaondoka, na wewe bado hata ofisi ya mambo ya nje hujaijaza watu. Uganda na Kenya wakaja na matamko ya mtindo huohuo.

Mkataba uliokuja kuleta kelele kuliko Belbase ni wa maji. 1929 Mwingereza aliandikiana na Misri kwamba kwenye nchi anazotawala yeye hakuna kujenga kitu cha kupunguza maji ya Nile, iwe mtoni au kwenye maziwa yanayoulisha, mpaka Misri ikubali. Yaani Mwanza ziwa liko mlangoni halafu ruhusa uombe Cairo! 1962 Tanganyika ikawaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba hilo haliitambui. Miaka ya 2000 Tanzania ikatandaza bomba kutoka Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama, Misri ikalalamika, bomba likaendelea.

Sasa mipaka je? Si nayo ilichorwa na haohao? Hapa ndo patamu, kwa sababu Julai 1964 kwenye mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) huko Cairo ni Nyerere huyuhuyu aliyepeleka hoja kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco wakakataa, kila mmoja alikuwa na ardhi anayoidai kwa jirani. Wanasheria wanakwambia mkataba wa mpaka ukishachora mstari kazi yake imeisha, sio ahadi ya kutimiza kila mwaka kama kodi, na mkataba wa Vienna wa 1978, unaohusu nchi mpya kurithi mikataba, ukaja kuliweka hivyohivyo. Mi naona sababu kubwa ilikuwa hofu tu, Wamakonde wako pande zote za Ruvuma, Wamasai wako Kenya na Tanzania, ukianza kurekebisha mmoja utaishia wapi.

Na bado hoja hiyo ya mipaka ilimrudia Nyerere mwenyewe. Mkataba wa Mjerumani na Mwingereza wa 1890 uliweka mpaka wa Ziwa Nyasa kwenye ufukwe wa mashariki, ukiufuata neno kwa neno basi mvuvi wa Mbamba Bay, upande wa Tanzania, akiingiza tu mtumbwi majini yuko Malawi. 1967 Tanzania ikaiandikia Malawi kwamba mpaka uko katikati ya ziwa, Rais wa Malawi, Banda, akakataa katakata, 2012 ikafumuka upya kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, wakaingia usuluhishi marais wastaafu wakiongozwa na Chissano wa Msumbiji, na mpaka leo ramani ya Lilongwe na ya Dodoma hazifanani.