Je, wajua kwa nini mwalimu aliyechoka na chaki hungoja mpaka afikishe miaka 50?

Ukikaa na walimu wa umri wetu hapa Nakuru, iwe ni kwa hoteli ya chai ama kwa matanga ya mtu, lazima kuna mmoja atasema amechoka, anataka kuacha chaki akafuge kuku, ama auze mbao, ama arudi kwao Vihiga ashughulikie majani chai ya mzee. Muulize ana miaka mingapi, atakuambia arobaini na sita, arobaini na saba. Muulize basi mbona bado yuko. Hapo atacheka kidogo halafu abadilishe stori.

Watu wa nje hudhani ni woga, ati odijo, yaani mwalimu, amezoea mshahara wa mwisho wa mwezi na likizo za Agosti. Mimi nilifundisha agrikalcha na bayolojia miaka 26 kwa shule tatu za kaunti hii, nikatoka nikiwa na miaka 50 na miezi miwili, na nakwambia woga upo, sikatai, lakini kitu kinachomshika mwalimu ni hesabu. Na hesabu yenyewe imejificha kwa maneno mawili ambayo hata sisi wenyewe huwa tunayachanganya, kujiuzulu na kustaafu mapema.

Iko hivi. Mwalimu wa zamani wa TSC, ile tume inayoajiri walimu, yuko chini ya ile sheria ya pensheni ya serikali ambapo wewe hukatwi kitu ya pensheni yako, serikali ndio inakulipa ukishatoka. Umri wa kutoka kwa lazima ni 60, ulikuwa 55 mpaka 2009 wakauongeza. Lakini sheria inakubali ukishafika 50 uombe kutoka mapema, na kama umefanya kazi angalau miaka 10 pensheni yako unaipata. Ukitoka na miaka 49 na miezi kumi na moja hiyo haiitwi kustaafu, hiyo ni kujiuzulu, na mtu akijiuzulu ile pensheni anaiacha hapo mezani. Mwezi mmoja tu.

Wacha nipige hesabu yenyewe kwa sababu bila namba mtu haelewi uchungu wake. Tuseme mshahara wako wa msingi, bila alawansi ya nyumba wala nini, ni 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Umefundisha miaka 25, hiyo ni miezi 300. Unachukua mshahara wa mwaka, unazidisha na miezi uliyofanya, unagawanya na 480. Inakuja 450,000 kwa mwaka. Wengi huchukua robo ya hiyo kwa mkupuo, robo ni 112,500, inazidishwa mara 20, kwa hivyo unapewa 2,250,000 mkononi, na zile robo tatu zingine zinabaki kuwa pensheni ya kila mwezi, 28,125, na unaendelea kuipokea mpaka siku ya kuzikwa.

Sasa ungemwambia mwalimu wa mpango huo mwenye miaka 48 afuate ndoto yake. Angekuangalia tu. Ile ndoto ingekuwa na bei ya milioni mbili na robo hivi ya kuanzia, na kitu ya kila mwezi juu yake, na alichotakiwa kufanya ili asiilipe ni kuvumilia miaka miwili ya kusahihisha composition. Hata wewe ungevumilia.

Halafu kuna mambo ya mikopo, na hapa ndio pamefunga watu wengi. Mwalimu Kenya anakopesheka kuliko karibu mtu yeyote, kwa sababu mkopo unakatwa kwa peislipu kabla hajauona. Sheria ya ajira ya 2007 inasema makato yasipite theluthi mbili ya mshahara, yaani theluthi moja lazima ibaki, na nimeona peislipu nyingi ambazo zinabaki na hiyo theluthi moja kamili bila shilingi ya juu. Shamba, nyumba, karo ya chuo ya mtoto wa kwanza, kila kitu kimepitia sacco, chama cha akiba na mikopo. Na sacco haikukopeshi bila wadhamini, na wadhamini ni akina nani? Ni walimu wenzako wa pale pale shuleni, mnaokula githeri meza moja. Siku ukijiuzulu mkopo haujaisha, sacco inachukua kwanza akiba yako, isipotosha inageukia wao. Madam wa Kiswahili anaamka mwisho wa mwezi anakuta amekatwa elfu sita ya mtu ambaye ameenda kufungua hardware Ahero. Nimeshuhudia urafiki wa miaka kumi na tano ukiisha hivo, na yule wa hardware hakuwa mtu mbaya, biashara ilikuwa tu bado haijashika.

Kwa hivyo ukiona mtu hatoki, wakati mwingine ni wadhamini wake anaowaonea huruma. Hiyo huwa hasemi kwa matanga.

Lakini usidhani walimu wa hii sehemu wamekuwa hivi tangu zamani. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alikuwa mwalimu Maseno, akaacha kufundisha akaingia biashara, ile Luo Thrift and Trading Corporation ikasajiliwa 1947, na alikuwa wa miaka kama 36 hivi. Moi naye, aliyekuja kuwa rais, alikuwa mwalimu kule Baringo na Tambach mpaka 1955 alipoingia baraza la kutunga sheria, miaka 31. Sisemi wao walikuwa majasiri kutuliko, ingawa pengine walikuwa. Nasema TSC yenyewe ilianza kazi 1967. Hawakuwa na peislipu yenye makato kumi na moja, mwalimu wa wakati huo alikuwa anaacha kazi, haachi mpango mzima wa maisha ambao umefungwa kwa namba moja ya kazi.

Sasa mambo yamebadilika, na hii ndio watu wengi hawajaiona vizuri. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 serikali ilianzisha mpango mpya wa pensheni ya kuchangia. Kila mwalimu ambaye alikuwa chini ya miaka 45 siku hiyo aliingizwa, wale wa 45 kwenda juu wakaachiwa wachague. Unakatwa asilimia 7.5 ya mshahara (walianza pole pole, asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili), na serikali inaongeza 15. Wakati ule walimu walilia sana kuhusu hayo makato, hata mimi nilisaidia kulia ingawa hayakunihusu. Lakini tofauti yake ni kwamba hiyo pesa iko kwa jina lako. Ukihama kazi inahama na wewe. Si ati utapewa yote mkononi ukiwa na 42, kuna sehemu inangoja mpaka ufike umri wa kustaafu, ila haipotei kwa sababu umeandika barua ya kujiuzulu.

Ndio maana miaka ya kwanza baada ya 2021 chumba kimoja cha walimu kilikuwa na makabila mawili. Kulikuwa na wazee waliokuwa wakihesabu miezi ya kufika 50, na kulikuwa na vijana wa thelathini na kitu ambao wangeweza kuondoka bila kupoteza mchango wao wa tangu 2021, kilichowashika wao ni mkopo tu. Wazee walikuwa wakisema vijana hawana subira. Mimi naona ni venye hawakufungwa na kamba ile ile.

Kwa nini watu wanataka kutoka, hiyo sitakaa nayo sana kwa maana kila mtu anajua. Zamani ulikuwa ukienda skul besd wakati wa likizo ukamaliza digrii unapanda cheo, siku hizi unangoja nafasi itangazwe uende intavyu mkiwa mia mbili. Kuanzia 2018 wakahamisha wakuu wa shule mbali na kaunti zao, mtu wa Kakamega akajikuta analala kwa chumba cha kupanga akiwa na miaka 52. Mtaala nao ukabadilika. Na mwili tu, kusimama lesoni sita kwa siku magoti yanaongea.

Cha kuongelea ni kinachofuata ukishatoka, na hapa mimi nilipigwa. Nilifungua agrovet Njoro, yaani duka la mbegu na dawa za kilimo na mifugo, nikijiambia mimi ndio nilifundisha agrikalcha, nani atanizidi. Kumbe kuuza dawa za wadudu na magugu kunataka leseni ya PCPB, ile bodi ya dawa za wadudu, dawa za mifugo ni leseni ingine ya VMD, ile idara ya dawa za mifugo, na cheti changu cha ualimu hakikunifanya daktari wa ng'ombe hata kidogo, ikabidi niajiri kijana aliyesomea mambo ya mifugo, mdogo kwangu kwa miaka 24 na ambaye kwa hiyo kaunta ndiye bosi. Siku za kwanza ilinikwaruza.

Pesa nayo inakuja tofauti. Mshahara ulikuwa unafika mwisho wa mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Agrovet inakula pesa Januari na Februari wakati unajaza stoo mbegu na mbolea, na huo ndio wakati wa karo, halafu inalipa Machi na Aprili mvua ndefu ikianza. Ikichelewa, umekaa na magunia. Na kila mtu anataka deni kwa sababu ulimfundishia mtoto.

Tena nilikuwa naongea na wateja kama wanafunzi wa fomu two. Mzee wa miaka sabini ananunua mbegu, namaliza kumweleza nafasi za kupanda halafu namuuliza, "Umeelewa? Hebu rudia." Kijana wangu akanivuta kando akaniambia, "Mwalimu, hao wana pesa, hawana mtihani."

Lakini kitu kile kile ndio kiliniokoa. Wale viwavi vamizi vya mahindi waliingia Kenya 2017, wakianzia upande wa magharibi, na mpaka leo mkulima anakuja na jani limetobolewa, amelifunga kwa gazeti, anataka dawa kali. Duka lingine linamuuzia dawa kali. Mimi nalifungua lile jani pale kaunta, namwonyesha kinyesi kama unga wa mbao, namweleza kwamba mdudu mwenyewe amejificha ndani kwenye moyo wa mmea, kwa hivyo ukipiga dawa saa sita mchana juu ya majani umemwogesha hewa, piga asubuhi mapema ama jioni anapotoka kula, na elekeza ndani ya moyo. Dakika tano. Anaondoka na chupa moja badala ya tatu, wiki inayofuata anakuja na jirani yake. Hiyo sikufundishwa kwa kozi yoyote ya biashara, ni ile ile lesoni ya bayolojia, dakika arobaini zimekuwa tano na hakuna anayelala.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu, aliyekuwa akifundisha Kisumu, alikuwa wa ule mpango wa zamani. Siku moja nilimtembelea akiwa amebakisha miezi minne afike 50. Mkopo wa mwisho ulikuwa unaisha mwezi mmoja kabla, alipanga hivo makusudi ndio wadhamini wake walale. Alikuwa ameshanunua mashine ya kuangua vifaranga, ya mayai 500 hivi, nikaikuta sebuleni karibu na tivi, bado na karatasi zake, mke wake ameweka kitambaa juu na vase ya maua.